Miaka Kumi na Moja ya Kushona Mifuko ya Nyuma

Karatasi ile ilikuwa na mchoro wa mtu aliyekupa mgongo, mikono ikining'inia, mwili umekatwa kwa mistari kuwa sehemu 9: shingo, mabega, viwiko, vifundo vya mikono na viganja, mgongo wa juu, kiuno, nyonga na mapaja, magoti, vifundo vya miguu na nyayo. Kando ya kila sehemu maswali yalikuwa yaleyale. Umeumwa hapa katika miezi 12 iliyopita? Maumivu yamewahi kukuzuia kufanya shughuli zako? Je, katika siku 7 zilizopita? Wanafunzi wawili wa chuo kikuu walituletea karatasi hizo kiwandani saa ya chakula cha mchana, wakatuketisha kwenye kivuli cha ukuta, kila mtu na kalamu yake.

Nilitia alama sehemu saba. Kisha nikachungulia karatasi za wenzangu, nikaona aibu, nikafuta mbili. Mama mmoja wa Kitui aliyeketi kulia kwangu, tuliyeshona naye kwenye laini moja, yaani safu moja ya mashine, kwa miaka sita, alikuwa ametia alama moja tu, kwenye kiuno. Nami nilijua vizuri kwamba hawezi kuvaa sweta bila kusaidiwa kuingiza mkono wa kulia. Nikamwuliza kwa sauti ya chini mbona bega ameliruka.

"Bega si kazi," akanijibu. "Bega ni uzee."

Alikuwa na miaka 38.

Nilirudi kwenye mashine nikimwaza yeye, na mimi mwenyewe na zile alama mbili nilizofuta. Tulikuwa watu zaidi ya mia moja upande wetu wa jengo, na kila mmoja alikuwa na chanzo chake cha maumivu. Wengine walisema ni baridi ya Julai inayopenya chini ya mlango wa mabati. Yuko aliyelaumu sindano ya uti wa mgongo aliyochomwa siku ya upasuaji wa uzazi. Yuko aliyeamini ametupiwa kitu na mke mwenzake. Mimi nililaumu godoro. Nilibadilisha godoro mara mbili katika miaka mitatu, kwa mshahara wa kiwandani, na la pili lilikuwa lile la bei linalouzwa kuwa la wagonjwa wa mgongo. Nililala juu yake nikiumwa vilevile.

Kiwanda chenyewe sitakitaja. Kiko Athi River, Kenya, kwenye ukanda wa viwanda vya bidhaa za kuuza nje, mahali ambapo maelfu yetu tulipata kazi baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, iliyofungulia nguo za Afrika mlango wa kuingia huko bila ushuru. Mimi niliingia 2009 nikiwa na miaka 23. Wiki ya kwanza nilikata nyuzi, wiki ya tatu nikapewa mashine, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa mtu wa mifuko ya nyuma. Suruali za jeans. Sikuwahi kushona zipu, sikuwahi kushona mkanda. Mtu akikuuliza mtaani unashona nini unamjibu "suruali", lakini ukweli ni kwamba mimi suruali nzima siwezi kusema nimewahi kuishona pale. Nilishona mifuko ya nyuma.

Mfuko wa nyuma wa jeans una pembe tatu unazozigeuza: unashuka ubavu, unageuza, unaenda kwenye ncha ya chini, unageuza, unapanda, unageuza tena, unamaliza. Kila pembe unainua mguu wa mashine kwa kusukuma wenzo kwa goti la kulia, unabana kitambaa kwa gumba na vidole viwili vya kushoto, unakizungusha, unashusha. Tageti yetu ilikuwa suruali 65 kwa saa, maana yake mifuko 130. Hapo kila mfuko una sekunde 27 hivi, na ndani yake kuna kuokota kipande kutoka kwenye fungu la kushoto, kukilaza, kushona, na kukirusha kulia. Kwa siku ya saa tisa ni mifuko 1,170. Pembe 3,510. Hesabu hii niliipiga miaka mingi baadaye kwa kalkuleta ya simu, nikaiweka simu chini, nikaiangalia mikono yangu.

Jeans si kitambaa laini. Kikiwa kipya, kabla ya kufuliwa kiwandani, ni kama turubai. Kukibana kunataka nguvu za kweli, na unazitoa kwa ncha za vidole, kifundo cha mkono kimepinda. Anayeshona fulana naye huchoka, lakini ni uchovu mwingine.

Nilidhani sisi wa mashine ndio tunaoumia zaidi, kwa sababu kila mtu huona mzigo wake. Lakini ukizunguka jengo lile ukiwa na mchoro wa sehemu 9 mkononi, ungeweza kumjua mtu wa idara gani kwa alama zake. Wakataji walisimama kutwa kwenye sakafu ya saruji, wamekumbatia mashine yenye kisu kinachotetemeka. Wao walilalamika mikono kuingia ganzi, na miguu. Waliobeba roli za kitambaa walikuwa na viuno. Wa pasi za mvuke walisimama wameegemea mguu mmoja, kwa sababu mwingine uko kwenye pedali, na kufikia jioni nyonga moja imepanda juu kama ya mtu aliyebeba mtoto ubavuni. Wasichana wa kukata nyuzi kwa mkasi mdogo waliumwa hapa, kwenye shina la gumba, hadi wanashindwa kufungua chupa ya soda. Sisi tuliokaa tulikuwa na shingo, mabega na vifundo vya mikono.

Mama yangu hakunielewa hata kidogo. Yeye alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo Eldoret miaka ya 1980. Alihudumia mashine kadhaa za kufuma kwa pamoja, akitembea huku na huku, akiinama kuunga nyuzi zinazokatika, kwenye kelele ambazo zilimfanya ajifunze kusoma midomo ya watu. Mpaka leo ukinong'ona akikutazama anakusikia. Ukipaza sauti nyuma yake hasikii. Miguu yake ina mishipa iliyosokotana kama kamba za katani. Nilipompigia simu nikilia kuhusu shingo, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Lakini wewe umeketi, mwanangu."

Sikuwa na jibu. Kwa mtu aliyesimama miaka 14, kiti ni zawadi. Nami niliamini hivyo pia. Hakuna aliyetueleza kwamba msuli ulioshikilia kitu bila kusogea huchoka upesi kuliko msuli unaotembea, kwa sababu ukikaza muda wote unaminya mishipa yake mwenyewe na damu haipiti vizuri. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Mkiwa mmeinama kuangalia sindano, misuli ya shingo na mabega ndiyo imekishika kisianguke kifuani, saa moja, saa mbili, mpaka kengele. Chukua kibuyu cha maji cha lita 5, nyoosha mkono, ukae hivyo dakika mbili tu. Huko ndiko kuketi kwetu.

Tena viti vyenyewe vilikuwa vya plastiki, vile vya harusini, vyote urefu mmoja. Mimi ni mfupi, jirani yangu wa mbele alikuwa mrefu kama mlingoti. Yeye alikunja mgongo kuifuata meza. Mimi niliinua mabega kuifikia. Tulishona mito kwa mabaki ya kitambaa tukaikalia. Basi wakija wakaguzi wa wanunuzi kutoka nje, supavaiza hupita asubuhi akikusanya mito yote na kuitia kwenye gunia, kwa sababu inaonekana kama uchafu. Wakaguzi wale walihesabu milango ya moto, walitazama vitambulisho wasije wakakuta mtoto, waliuliza kuhusu saa za ziada. Yote ni mambo ya maana, siyabezi. Lakini katika miaka 11 hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye kile kiti.

Ganzi ilianza 2013 nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Ilikuwa ikiniamsha saa nane usiku. Mkono wa kushoto unakuwa si wangu, kama mtu aliyeulalia, na vidole vinachomachoma kama vimeguswa na upupu. Nilikuwa ninaukung'uta, ninaushusha kando ya kitanda, unarudi polepole. Kliniki walisema ni mimba, maji yamejaa mwilini, nikijifungua itapona. Na kweli nilipojifungua ilipungua. Nilipumzika miezi mitatu ya likizo ya uzazi, nikasahau. Nilirudi kwenye mifuko, na kabla ya mtoto kuanza kutambaa nikawa naamka tena saa nane.

Hapo ndipo nilipokosea vibaya. Kwa kuwa mara ya kwanza ilipona yenyewe, nilingoja ipone yenyewe. Nilingoja miaka minne. Nilimeza diklofenaki za kununua kwenye duka la dawa, moja asubuhi na moja jioni, wakati mwingine bila chakula, mpaka tumbo likaanza kuniwaka na nikaongeza dawa ya tumbo juu yake. Hiyo dawa haikutibu chochote. Ilinisaidia kutosikia tu. Na kwa kuwa sikusikia, nilizidi kukimbiza tageti. Kulikuwa na marupurupu ya laini inayozidisha, na aliyekuwa akiirudisha laini nyuma alitazamwa na wenzake kabla ya kutazamwa na supavaiza. Hilo ni gumu kulieleza kwa mtu asiyefanya kazi ya laini. Mkubwa wako si yeye peke yake anayekusukuma. Anayekusukuma ni dada aliye mbele yako, anayengoja kipande chako, mwenye karo ya kulipa.

Wala kusema hakukuwa rahisi. Wengi wetu tulikuwa na mikataba mifupi, ya miezi michache michache. Aliyesikika mara nyingi kwenye chumba cha huduma ya kwanza hakufukuzwa, la. Mkataba wake uliisha tu, ukakosa kuongezwa.

Kilichonipeleka hospitali ni nywele. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka tisa, Jumapili jioni, shule kesho. Nilikuwa nikimsuka mistari. Nilipofika katikati ya kichwa, gumba na kidole cha shahada vilikataa kubana nywele. Havikuuma. Vilikataa tu, nywele zikawa zinateleza kama nimepaka mafuta mikono. Mtoto akaenda shule na mistari minne upande mmoja na kitambaa kichwani. Alipoulizwa na mwalimu akasema mama amechoka. Sijui kwa nini hilo liliniuma kuliko ganzi yenyewe.

Kwenye hospitali ya umma nilipelekwa kwa mtaalamu wa viungo, kijana mdogo aliyeniita mama kila sentensi. "Mama, kunja vifundo, uunganishe migongo ya viganja, tuhesabu mpaka 60." Hatukufika hata 25, vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kisha akagonga kwa ncha ya kidole katikati ya kifundo changu, cheche ikakimbia hadi kwenye ncha ya kidole cha kati. Akachora kwenye kipande cha karatasi. Kwenye kifundo, akasema, kuna njia nyembamba: chini na pembeni ni mifupa, juu ni ukanda mgumu usiovutika. Ndani yake hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na neva moja. Kano zikisuguana kutwa zinavimba, ukanda hauongezeki, na cha kubanwa ni ile neva, kwa sababu ndiyo laini kuliko vyote.

Nikamwuliza mbona kidole cha mwisho hakijawahi kuniuma. Miaka yote nilidhani ni kwa sababu hakifanyi kazi. Akacheka, akanionyesha: neva ile inahudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kina neva nyingine inayopita njia nyingine. Nakumbuka nilivyotoka pale nikikitazama kidole changu cha mwisho kama mtu aliyekwepa ajali.

Kabla sijatoka aliniuliza maswali mengi ambayo niliyaona hayahusiani. Nina kisukari? Tezi ya shingo? Nimezaa mara ngapi, na ganzi ilianza lini? Ninalala kwa upande gani? Jioni nafanya nini? Nikamweleza: nafika nyumbani saa moja usiku, ghorofa ya tatu, maji ya mfereji hayapandi, hivyo nabeba mitungi miwili ya lita 20, mmoja mmoja. Halafu kufua, kwa mkono, kukamua. Kupika. Mtoto mgongoni. Aliandika yote. Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba sikuja kuzungumzia maji, nimekuja kwa sababu ya kiwanda. Akasema, "Mama, mkono wako haujui zamu imekwisha."

Nimelifikiria neno lile sana. Mwanzoni lilinikera, kwa sababu linaweza kutumiwa vibaya. Mwajiri akilisikia atasema, kumbe ni mitungi yako. Lakini kijana yule hakumaanisha hivyo. Alimaanisha kwamba vitu hivi vinajumlika: wingi wa mwendo uleule, nguvu ya kubana, kifundo kilichopinda, saa zisizo na mapumziko, mimba, mitungi, hata ule wasiwasi wa mkataba unaokaza mabega bila wewe kujua. Kimoja kimoja mwili ungeweza kukivumilia, na ndiyo maana kila mtu alipata cha kulaumu kisicho kazi. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na anayechovya mara 3,510 kwa siku hawezi kumlaumu aliyechovya mara mbili jioni.

Alinipa kifaa cha kufunga mkono usiku, chenye bati ndani, kinachokinyoosha kifundo. Wiki ya tatu nililala mpaka alfajiri kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Akanifundisha kuacha diklofenaki. Lakini alikuwa mkweli. "Nikikutibu halafu nikurudishe kwenye meza ileile, tutaonana tena Agosti."

Basi nikaanza kuitazama meza. Na hapa ndipo penye jambo ambalo bado linanichekesha kwa uchungu. Meza za mashine za kiwandani zina miguu ya chuma inayoingia ndani ya mingine, imeshikwa na bolti. Ukilegeza bolti, meza inapanda au inashuka. Ziko hivyo tangu zinatoka kwenye makasha. Za kwetu zilikuwa zimepakwa rangi juu ya bolti. Nilikuwa nimeketi kwenye meza inayorekebishika kwa miaka minane, nikishona mito ya mabaki.

Nikamwomba fundi wa mashine, mzee mmoja mpole, na Jumamosi baada ya zamu akaja na spana yake na mafuta ya taa ya kulainisha kutu. Dakika kumi. Aliinua meza kidogo juu ya usawa wa viwiko vyangu, akaweka kipande cha mbao nyuma ili uso wa meza uinamie kwangu kidogo, akaisogeza pedali ili nisiifuate kwa mguu. Jumatatu shingo yangu haikuamini. Sindano ilikuwa imenijia usoni, badala ya mimi kuifuata.

Kufikia Jumatano laini nzima ilitaka spana. Supavaiza akakasirika, si kwamba ni mtu mbaya, ila naye ana tageti yake na kila meza inayofunguliwa ni mifuko ambayo haikushonwa. Akamkataza mzee. Tukafanya hila: meza mbili kila Jumamosi, baada ya zamu, tukimchangia mzee nauli. Tulifika meza 14 kabla ya mpangilio wa laini kubadilishwa na meza zote kuchanganywa, na mimi nikajikuta kwenye ya mtu mrefu.

Jambo la pili tulilolifanya lilidumu zaidi, nalo halikuhitaji spana. Mimi na mama wa Kitui, ambaye alikuwa akishona mishono ya pembeni, tulianza kubadilishana kazi baada ya chakula. Mikono yake ilipumzika kusukuma, yangu ikapumzika kubana. Siku kumi za kwanza tulikuwa polepole kama konokono na laini ilitutukana. Baada ya mwezi tulikuwa sawa na zamani, na marekebisho ya nguo zilizoharibika upande wetu yalipungua, jambo ambalo supavaiza aliliona lakini hakulisema.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 ina kifungu kinachomtaka mwajiri ahakikishe mashine, vifaa na sehemu ya kazi vinamfaa mfanyakazi, na kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama. Kwetu kamati ilikuwepo. Majina yake yalibandikwa karibu na mitungi ya kuzimia moto, na mitungi ya kuzimia moto ndiyo iliyokuwa ajenda yake. Sheria ya fidia, nayo ya 2007, inatambua maradhi yanayotokana na kazi. Nilipojaribu kuuliza habari zake nilipewa fomu ya kujaza. Iliuliza tarehe ya ajali. Nilikaa na kalamu. Tarehe gani? Pembe ya ngapi? Mwenzetu aliyechomwa na sindano kwenye kidole alijaza ileile fomu kwa dakika tano, na ninafurahi kwamba alilipwa. Mimi niliirudisha tupu, na hilo ni kosa langu jingine, kwa sababu ningekuwa nimeandika tarehe niliyoonwa hospitali na kuambatisha barua ya daktari, angalau ingekuwa kwenye faili.

Wale wanafunzi wa mchoro hawakurudi kutueleza walichopata. Laiti wangerudi. Nilitaka kuwaambia kuhusu zile alama mbili nilizofuta: zilikuwa kiwiko na goti la kulia, goti la kusukuma wenzo.

Machi 2020 korona ilipoingia na oda zikakatwa, sisi wa mikataba mifupi tulitangulia kutoka. Nilinunua mashine mbili zilizotumika, moja ya kawaida na moja ya ovaloki, nikafungua kibanda Kitengela. Sare za shule, mashuka, kupunguza suruali. Hakuna supavaiza, hakuna kengele. Nikajiambia sasa mwili utapona.

Januari ya kwanza nilishona sare kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tano usiku, kwa wiki tatu. Ganzi ikarudi yote, na bega la kushoto, ambalo halijawahi kunisumbua, likajiunga. Nilijikagua kama alivyonifundisha kijana yule. Meza: ya mbao, ya jikoni, fupi. Kiti: stuli. Taa: balbu moja iliyo nyuma yangu, hivyo kivuli changu mwenyewe kiliangukia sindano na mimi nikainama zaidi kukikwepa. Mapumziko: hakuna, kwa sababu kila mzazi alikuwa amesimama mlangoni akisema "Mama, nitangoja tu hapa." Nilikuwa nimeujenga upya ule ukumbi wa Athi River kwa pesa zangu mwenyewe, na tageti niliiweka mimi.

Nilipata aibu kubwa. Kiwandani nilikuwa na wa kumlalamikia.

Sasa taa iko mbele, upande wa kushoto. Sare za Januari naanza kupokea oda mwezi wa Novemba, na anayekuja baada ya Krismasi nampa tarehe ya Februari au namwelekeza kwa jirani. Nimepoteza wateja kwa hilo na wawili kati yao walinisema vibaya kanisani. Nashona saa moja, nakata au napiga pasi, narudi kushona. Nguo nzito nakataa kuzishona mfululizo: jeans mbili kwa siku, basi. Mkono wa kushoto haukupona wote. Daktari alisema neva iliyobanwa miaka mingi inaweza isirudi kama zamani hata kwa upasuaji, nami bado sijaamua kuhusu upasuaji. Sindano ya mkono siwezi kuitunga. Hiyo kazi ni ya binti yangu, ambaye nywele zake anajisuka mwenyewe, tena vizuri kunishinda.

Mwezi uliopita nimechukua msichana wa kujifunza, amemaliza kidato cha nne, mrefu, mikono myepesi. Siku ya kwanza nilimpa vipande vya kufanyia mazoezi, nikaendelea na pindo la shuka. Nilipoinua macho nikamkuta amekunjika kama kisu cha mfukoni, kidevu karibu kiguse mashine, mabega yako masikioni, ameuma ulimi kwa bidii. Nikamwambia ainuke. Akaogopa, akadhani ameharibu kitambaa.

Tulitoka nje tukatafuta matofali manne, tukayatia chini ya miguu ya meza. Ikapanda mno. Tukatoa mawili, meza ikayumba. Tukakata mbao. Kisha ikawa meza iko sawa lakini kiti kimekuwa kifupi, tukaongeza mto, ndipo tukagundua pedali imebaki mbali na mguu wake. Nusu saa nzima tuko chini ya meza, wateja watatu mlangoni, mmoja wao mzee wa kanisa aliyeleta suruali ya kufupishwa. Akachungulia ndani, akauliza kwa upole kama siku hizi tunashona au tunajenga.

"Tunajenga, mzee," nikamjibu nikiwa chini. "Suruali ni Jumatano."